Rasio Chini ya Kikombe

Pascal, mutoto yangu,

Ninakuandikia juu nikikuambia na mdomo, utasema "nimesikia, Papa" mbele nimalize hata neno ya kwanza. Ninakujua. Tangu udogo yako ulikuwa unasikia mbele ya kuambiwa. Karatasi haina haraka yako. Mama yako atakupa hii barua asubuhi, na ninakuomba ukae, uisome mpaka mwisho mbele ya chai.

Mambo ya blanketi, ya koti ya baridi ya Mahagi, ya kuchemusha maji ya kunywa, mama yako amekuambia, na kesho atarudilia mpaka shofere apige honi. Kwa hayo mimi sina kitu ya kuongeza. Yangu ni jambo moja tu, na limenichosha kichwa tangu jana. Ni ile kikombe.

Jana mangaribi tulikuwa mezani siye wane: weye, Neema bibi yako, mama yako na mimi. Ukavuta kikombe yako umimine chai. Chini yake kulikuwa noti ya elfu tano, imekunjwa vizuri. Ukauliza, "Hii ni ya nani?" Neema akajibu pole kabisa, bila kuinua macho kwa sahani: "Ni rasio yako ya kesho. Ukinunua sabuni, urudishe yenye kubaki."

Mimi nilicheka. Unisamehe ile kicheko, ilinitoka mbele nijue inacheka nini. Kisha ukaanza kupiga meza na kusema, "Mimi njo mwanaume ya hii nyumba!" Ya nyumba gani, Pascal? Hii nyumba nilijenga mimi. Na ile meza nilitengeneza mimi, haikutengenezwa juu ya kupigwa. Mama yako akasimama, akaenda jikoni, na nikaona mabega yake inatetemeka. Nilijua hakuwa analia kwa ajili yako.

Njo nikaanza kuuliza, na njo nikaambiwa. Kumbe tangu ndoa yenu, huu mwezi wote munalala kwetu mukingojea kazi yako ya depo ya Mahagi, kila asubuhi unakunywa chai, unapindua kikombe kichwa chini, unaacha noti chini yake, unatoka bila kusema. Rasio! Pesa ya chakula ya siku moja, ya bibi yako, ndani ya nyumba ya baba yako, chini ya kikombe ya mama yako! Mimi ninatoka mapema kwa atelie yangu ya mbao, sikuona kitu. Mama yako aliona tangu siku ya kwanza. Akanyamaza. Nikamuuliza kwa nini alinyamaza, akasema alikuwa anangoja aone kama mimi njo nitakuambia. Ee Mungu, hawa wanawake watanimaliza.

Chai ya jana haikunywewa. Weye ukasema utaenda Mahagi peke yako, Neema atakuja "nyuma". Nyuma ya nini? Leo asubuhi ukaenda kununua nafasi kwa gari, ukarudi na tikiti moja. Moja! Ukaiweka juu ya kabati mbele ya macho ya bibi yako, ukaenda kukata nywele.

Neema amefunga mizigo. Mashini yake ya kushona iko karibu na mulango, imefungwa na kamba. Nimemuangalia akifunga, na hajui kama ile mashini inaenda Mahagi ama inarudi kwao Nyakasanza. Bibi ya mwezi moja akirudi kwa baba yake na mashini yake, hiyo hakuna mutu ataiita matembezi. Wataiita jina yake. Na ikisha kuitwa, ni nguvu kuirudisha. Njo maana niko hapa ninaharibu wino, na mukono yangu ni ya msumeno, si ya kalamu.

Bantu banasema mutoto ya nyoka ni nyoka. Sawa, mimi njo nyoka, ninakubali. Lakini kati ya vitu yote nilikuwa nayo, randa yangu, sauti yangu ya kuimba kanisani, hata hizi masikio ambazo angalau zinasikia vizuri, weye ukachagua kurithi hiyo rasio ya kikombe? Na hata haukuniona nikifanya! Niliachana nayo ukiwa ungali mgongoni. Sijui iliingia ndani yako kwa mulango gani.

Basi ngoja nikuambie namna ilianza, juu haikuanza na ubaya. Tulikuwa tunaishi Kpandroma, tumeoana karibuni. Mama yako alikuwa musichana ya miguu nyepesi na mdomo nyepesi zaidi. Kazi ya mbao haina mwisho wa mwezi. Mutu anaomba mulango leo, anakuja kuukamata siku viazi yake imeuzika. Siku moja mufuko yangu imejaa, kisha inakauka mpaka unasahau rangi ya franga. Nikajisemea: nikimupa mwanamuke yote, itaisha mara moja. Afazali nimukatie kidogo kidogo, kila siku kipande yake. Nilijiona niko na akili! Na kwa sababu nilikuwa ninatoka alfajiri, nikawa ninaacha pesa mezani, chini ya kikombe, upepo isiipeleke. Kisha ikakuwa desturi. Kisha ikakuwa sheria, na mimi njo polisi yake.

Sasa, rasio ya siku moja inanunua vitu ya siku moja. Hilo sikuliona. Mama yako hakuweza kununua gunia ya makala ya moto, alinunua kadogo, lile fungu la kupikia mara moja. Chumvi kadogo, imefungwa ndani ya kipande ya plastiki. Mafuta kadogo, ya kulowesha tako ya chupa. Sabuni ilikatwa na kisu. Banasema haba na haba hujaza kibaba, na ni kweli, ile yetu ilijaza kibaba ya mwenye duka. Yule bwana alijenga nyumba ya mabati na kadogo yetu, siye tukiwa tungali katika nyumba ya nyasi, na mimi njo nilimutengenezea milango. Nilimutengenezea na furaha!

Siku moja, wakati wa mavuno, maharagi ikiwa bei ya chini, mama yako aliniomba pesa ya gunia nzima. Nikamuuliza, "Gunia ya nini? Unafungua duka?" Akasema, "Ndiyo, ningependa." Nikasema bibi ya fundi hawezi kukaa barabarani na kuuza, bantu watasema bwana yake ameshindwa. Aaa, Pascal. Nikikumbuka ile jibu, ninataka kujipiga na ubao.

Kisha ile rasio ikaanza kusema kwa nafasi yetu. Njo hapo mambo iliharibika kabisa. Nikimukasirikia, sikumuambia kitu, niliacha kidogo. Nikifurahi, niliacha zaidi. Naye hakunijibu na mdomo, alinijibu na sufuria. Niliacha kidogo, anapika sombe, majani ya muhogo, bila mafuta, anaiweka mbele yangu na kifuniko juu, kama ni kuku. Tulikuwa mutu na bibi yake ndani ya chumba moja, na tulikuwa tunagombana kwa njia ya majani.

Ilifika siku ya muzee ya kanisa. Huyo muzee alisimamia ujenzi ya kanisa yetu, na alikuwa anatafuta fundi ya kutengeneza viti yote, ile ndefu ndefu ya kukalia waumini. Kazi ya miezi! Ile asubuhi nilikuwa na hasira, juu mama yako alikuwa ametoa kitenge yake mupya kwa kilio ya shangazi yake bila kuniambia. Nikaacha franga ya kuchekesha chini ya kikombe, nikatoka. Saa sita nikakutana na muzee barabarani. Na mimi, kichwa yangu ikiwa kwa viti, nikasahau kitu nilifanya asubuhi. Nikamuambia, "Muzee, twende tukule kwangu, tutaongea bei."

Mama yako alitupokea vizuri sana. Hapo njo ilifaa niogope. Alitandika kitambaa ya maua. Alimunawisha muzee mikono na maji ya moto. Akaleta ile sahani kubwa tulipewa kwa arusi, imefunikwa, na mimi nikajisemea: kumbe amekopa kwa jirani, huyu mwanamuke ana heshima. Akafunua. Ndani kulikuwa viazi vitamu viwili, vidogo, vya kuchemushwa. Akapiga goti kidogo na kusema na sauti ya asali, "Muzee, Papa Pascal aliacha hii. Mubariki, mukule."

Muzee alisali sala refu kuliko chakula. Akakula nusu ya kiazi, akatushukuru, akaenda. Viti ya kanisa ilienda kwa fundi mwingine. Niliambiwa kisha neno alisema mbele ya wenzake: "Mutu mwenye kupimia bibi yake viazi viwili, mimi atanipimia mbao namna gani?"

Unafikiri nilitubu? Nilikasirika zaidi. Nikasema huyu mwanamuke ananiibia, haiwezekani rasio inunue viazi viwili tu, kesho nitaenda sokoni mimi mwenyewe. Nikaenda. Bamama wa soko walinipokea na vigelegele, moja akaniuliza kama bibi yangu amezaa. Nikaona nyama ya mbuzi, nyekundu, nzuri, nikasema leo nitamuonyesha namna mwanaume anapanga pesa. Nikanunua. Pesa ya siku yote ikaisha pale pale. Nikarudi nikibeba ile nyama juu juu, jirani wote waione.

Mama yako akauliza, "Makala iko wapi?" Hakukuwa makala. Mafuta, hakuna. Chumvi, hakuna. Unga, hakuna. Akakamata nyama, akaiweka mbichi juu ya ile sahani ya arusi, akaifunika, akaniletea mezani. "Karibu," akasema. Jirani yetu alikukamata weye, akakulisha uji, ukarudi umeshiba na tumbo kama ngoma, unatucheka. Siye wawili tulilala njaa, kila mutu ameangalia ukuta wake, na paka ikafanya sikukuu.

Mutu mwenye akili angeishia hapo. Mimi hapana. Mimi niliendelea mpaka karibu niwapoteze wote wawili. Hii inayofuata haucheki tena, Pascal, na haujapata kuisikia kwa mdomo yangu. Mama yako hapendi iongewe.

Nilipata kazi Nizi. Watu wa dhahabu walikuwa wanajenga, walitaka milango na madirisha, na walilipa vizuri. Nikaenda kwa miezi. Sasa rasio itaachwa na nani? Mutu mwingine angesema: ninamupa bibi yangu pesa, anajua kuhesabu. Mimi nikamuita mudogo wangu, baba yako mudogo Ezekieli, nikamupa pesa ya mwezi yote, nikamuambia: kila asubuhi, upite kwangu, uweke rasio ya siku chini ya kikombe. Na akafanya! Kila asubuhi alikuja, hakusalimia vizuri kwa sababu ya haya, aliweka, akaenda. Mama yako alikuwa anapewa chakula yake na shemeki yake kama mufungwa, na mimi nilikuwa Nizi ninajisifu kwa wenzangu kwamba nyumba yangu imepangwa.

Kisha risasi ikalia Kpandroma. Ezekieli alikuwa barabarani asubuhi ile, hajafika kwetu. Bantu walikimbia, naye akakimbia nao, upande wa Aru, na pesa ya mwezi mufukoni. Simushitaki. Hakuiba, aliogopa, na nani hakuogopa? Lakini mama yako alibaki na weye, na nguo, na kikombe imepinduliwa mezani, chini yake hakuna kitu.

Kulikuwa lori ya mwisho. Shofere alikuwa anapandisha wenye kulipa. Mama yako akamulilia, akamuonyesha weye. Akamujibu, "Mama, gari hainywi machozi." Lori ikaenda. Bibi ya fundi mwenye milango Nizi yote, mwenye pesa iliyoshonwa ndani ya mukanda wa bwana yake, alitembea kwa miguu mpaka Bunia na mutoto mgongoni. Alilala porini. Ulikuwa na homa. Aliuza kitenge ya kiuno yake akununulie ndizi, na hiyo njo kitu hataki niongee, basi nimeiandika na ninaiacha hapo.

Mimi nilifika Bunia kwa njia ingine, niliwatafuta mpaka niliwakuta kwa rafiki moja ya kanisa, katika chumba walimojaa wakimbizi. Ulikuwa umelala juu ya mikeka. Nikaanza kulia na kushukuru Mungu kwa sauti. Mama yako hakulia. Alifungua mufuko yake, akatoa ile kikombe. Kwa mwendo huo wote, kwa vitu yote alitupa njiani, ile hakuitupa. Akaiweka mbele yangu kichwa chini. Akaniambia, "Inua." Nikainua. Akasema, "Hii njo pesa uliniachia."

Sina namna ya kukuelezea ile mchana. Nilikaa pale na kikombe mukononi. Mufuko ya mukanda wangu ilikuwa imejaa, na ilinichoma kama makala. Nikajaribu kuomba samahani, mdomo ikakataa. Miaka yote nilikuwa nimeiachia pesa kazi ya kusema, na sasa sikuwa na neno hata moja langu. Kitu ya kwanza ilitoka ni hii: "Unga ni bei gani hapa?"

Mama yako aliniangalia kama mutu amepata wazimu. Kisha akacheka, na kile kicheko kikageuka kilio, na njo wakati huo alilia. Tangu tulioana, sikuwa nimemuuliza bei ya kitu. Akaniambia bei ya unga. Akaniambia ya makala, ya chumvi, ya dawa ya homa yako. Tuliongea bei mpaka wenye chumba walituomba tunyamaze. Hatukuwa tumepata kuongea hivyo.

Usifikiri tulikuwa malaika kuanzia pale. Aaa! Nilipouza mulango ya kwanza Bunia, nilitaka kurudilia ujinga yangu, mukono ilikuwa imezoea. Mama yako alisimamisha kikombe katikati ya meza, mdomo juu, akasema, "Weka ndani. Yote. Nione." Mpaka leo njo tunafanya vile. Pesa ya mulango ikiingia, inaingia mle ndani, na yake ya kuuza makala pia, tunaimwaga juu ya kitanda na tunaanza kugombana. Ndiyo, kugombana, na mdomo sasa! Mimi ninataka mbao kwanza, yeye anataka gunia kwanza. Ninamuambia bila mbao hakuna mulango, ananiambia mbao haipikwi. Kuna siku tunaachana pale kitandani kila mutu amevimba. Lakini hakuna siku mumoja wetu hajui nyumba iko na nini.

Kuna pesa tunatoa mbele ya vitu yote, na juu ya hiyo nilipigana naye miaka. Mama yako anaiita pesa ya mubishaji, mwenye kubisha hodi. Nilikuwa ninasema: wageni wa mwezi huu sijawaalika, namna gani niwapangie? Akanijibu, "Sisi tulialikwa na nani?" Unajua hii Bunia yetu. Ndugu anafika kutoka Djugu na batoto na sufuria moja, hautamuambia haukuwa umemuweka kwa bije, ule mupango wa pesa. Ukimupangia mbele, unamupokea na uso. Usipomupangia, unamupokea na meno tu, na kisha unamupigia bibi yako kelele juu bugali imeisha.

Na kila mutu ana kidogo yake ya kutoulizwa. Mama yako ananunua masahani ya kioo ambayo hakuna mutu amekulia. Mimi ninanunua vipande ya mbao nzuri nzuri, "itapata kazi siku moja", na imejaa chini ya kitanda mpaka fagio haipite. Ananiangalia, ninamuangalia, tunanyamaziana. Hiyo nayo ni amani.

Na ngoja nikuambie ingine, juu leo nimekusudia kuharibu jina yangu mpaka mwisho. Ile meza ya makala mama yako anauzia mbele ya parsele, kiwanja yetu, ile ulikuwa unaionea haya mbele ya wenzako, njo ililipa masomo yako wakati milango haikutoka. Mara nyingi. Sikukuambia kwa sababu nilipenda unishukuru mimi. Yeye alijua na hakunisahihisha. Kesho, mbele upande gari, umushukuru. Usimuambie ni mimi nilikutuma.

Sasa uelewe kwa nini ninakasirika hivi. Juzi nilikusikia, ukuta yetu ni ya mbao na mbao nilikata nyembamba, ulimuambia Neema kwamba huko Mahagi hatashona tena, utakuwa unamuachia rasio. Pascal! Mashini anayo, mikono anayo, watu wa Mahagi hawatembei uchi. Bibi ya fundi hawezi kuuza, bibi ya mutu wa depo hawezi kushona, ni wimbo moja tu tumebadilisha mwimbaji. Unataka kumupenda, ninaona. Hata mimi nilimupenda mama yako nikimupimia. Lakini siku barabara itafungwa na weye uko upande ingine, na kwetu siku hiyo haina adabu ya kupiga hodi, utataka bibi yako awe na nini mukononi? Kikombe?

Leo mchana nilimuuliza Neema. Alikuwa anafunga kamba ya mashini. Nikasema, "Mutoto yangu, utaenda Mahagi ama hautaenda?" Akafunga fundo yake mpaka mwisho mbele ajibu. Akasema, "Papa, sikukataa kwenda. Ninangoja aniombe. Asubuhi anaacha noti, anaenda. Elfu tano ninaiona. Yeye mwenyewe simuoni. Sijui anapata ngapi, sijui anaogopa nini, sijui kama anaona mimi niko ndani ya hayo." Nikamuuliza kwa nini alikuwekea ile noti jana. Akatabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza tangu jana. "Nilitaka ajue inaonjeka namna gani."

Huyo mwanamuke ukimpoteza, usirudi hapa kulia. Nitakufungia mulango, na milango yangu unaijua.

Basi nimefanya jambo moja. Zile noti mbili zilikuwa zingali mezani, yako ya jana asubuhi ambayo hakuigusa, na yake ya mangaribi ambayo weye haukuigusa. Mama yako alikataza mutu azitoe, tukakula leo tukiziepuka na visahani. Mimi nimezitoa. Nilimuomba mama yako ruhusa, nikamuomba Neema ruhusa, uandike hiyo pahali, baba yako ameomba ruhusa mara mbili kwa siku moja. Nikaziweka pamoja. Haikutosha. Mama yako akaongeza ya makala, mimi nikaongeza ya mbao zangu za chini ya kitanda, na nikaenda kununua nafasi ya pili, karibu na yako, na pahali ya mashini juu ya gari. Ni kitu ya kwanza mumenunua pamoja, weye na bibi yako, na mulikuwa hamusemezani.

Kikombe inabaki hapa. Bado tunaitumia.

Ile tikiti ya pili, mama yako atakupa pamoja na hii barua. Neema atakuwa nyuma ya nyumba anawasha moto ya chai. Nenda. Usiiweke juu ya kabati, usiiache mezani na kujifanya unatafuta kiatu. Umupe mukononi, umuangalie, na umuombe na mdomo yako. Kama neno inakataa kutoka, anza na neno yoyote, hata ya kijinga. Mimi nilianza na bei ya unga.

Baba yako